Kioo Chako Kichafu, Fundi

Fundi Mbarouk,

Sianzi kwa kukuuliza hali, kwa sababu yako naijua: umelala, umetulia, na kila Ijumaa watu wanakusomea. Wa kuulizwa hali ni mimi niliyebaki na vioo vyako vya kamera. Nina hasira, Fundi. Nimekaa nayo miezi saba nikidhani itapungua, maana maiti hasemwi vibaya, na mama yangu amenikataza kabisa kulitaja jina lako nikiwa nimekunja uso. Basi nimeamua kuandika. Atakayesoma ni wewe tu, kama huko mnasoma.

Nikupe habari kwanza. Studio ya Mkunazini ipo. Lile pazia la buluu nimelitupa, panya walikuwa wamelitoboa, na sasa najua kwa nini maharusi wote uliwakalisha upande wa kushoto. Kiti cha kuzunguka kimevunjika mguu. Wasichana wanakuja na simu zao wananionesha nyuso walizozilainisha wenyewe kwa kidole, wanataka nami niwatoe vile vile. Ungekuwepo ungewafukuza na simu zao. Mimi nawakalisha, nawatilia chai, halafu tunaelewana.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Nilikuja kwako nimemaliza skuli juzi tu, natoka kwetu Amani kwa miguu, na ulichoniambia ni kuwa mwanamume haingii ukumbini kwa wanawake, kwa hivyo unataka msichana mwenye mkono usiotetemeka. Wangu ulikuwa ukitetemeka siku ile, nikauficha ndani ya buibui. Tukagawana kazi tangu hapo. Wewe ulimpiga bi harusi studio, na ushungi wake, mama yake kakaa pembeni anakulinda kwa macho. Mimi nilikwenda ukumbini, wanawake peke yao, kwenye taa na asumini na vigelegele. Miaka kumi na mbili tulikwenda hivyo.

Na kila Alkhamisi, kufuta vioo. Ulivitoa vyote ukavipanga juu ya fulana yako ya zamani: kile cha nyota kinachoifanya kila taa itoe miale, kile cha vipande kinachomzidisha mtu mmoja akawa watano (ulikipenda, nilikichukia, mpaka leo nakichukia), kile cha nusu rangi kwa wale wanaotaka anga la magharibi saa sita ya mchana, na kile cha kukata mng'aro tulichokwenda nacho Uroa na Chwaka ili bahari itoke na rangi yake. Nilifuta kwa spiriti, nikapuliza, nikafuta tena. Ukikuta alama ya kidole ulinisomea mbele ya wateja. "Nshakwambia, Mwatima, kioo kichafu ni jicho lenye tongo!" Walicheka wateja, nami nikacheka nao. Ningefanya nini?

Kimoja tu sikukifuta. Kilikaa kwenye kopo la biskuti, kimeviringishwa kipande cha kanga, na kopo lilikaa kwenye saduku lenye kufuli. Ulisema kimetoka Maskati na hakuna cha pili chake. Uliwakalisha maharusi, ukakifunga mbele ya lenzi ukinipa mgongo, ukabonyeza. Picha iliyotoka, Fundi, sikatai, ilikuwa picha. Uso mkavu, safi, kila unywele wa nyusi unaonekana, lakini pembeni kote kumeyeyuka, na mwanga umemkaa kichwani bila ya kuonekana unatoka wapi. Bi harusi alitoka kama anayetazamwa na mtu anayempenda. Mjini walikuwa wakisema "picha ya Fundi" na kila mtu akajua wanasema ipi. Zangu ziliitwa "zile za ukumbini".

Nilikuomba kioo kile mara tatu. Mara ya kwanza ulilitia saduku kufuli. Mara ya pili ulisema kitu cha studio hakitoki studio. Mara ya tatu hukunijibu mimi, ulimjibu mteja, nami nipo nyuma ya pazia lako la panya nasikia: "Mwatima mkono anao. Jicho ndo hana."

Jicho hana. Ulisema taratibu, kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonichoma.

Na sikiliza. Kwa jambo moja nakupa haki yako. Picha za ukumbini, wanawake wamevua mabuibui wamejipamba, hukuzitazama hata siku moja. Ulinigeuzia kompyuta ikaelekea ukutani, nikazitengeneza mwenyewe, nikazitia bahasha, nikawapa wenyewe mkononi. Ukitaka kupita nyuma yangu ulikohoa mlangoni kwanza. Ulikuwa na adabu zako, hilo hata nikiwa na hasira nalisema. Lakini maana yake ni nini? Maana yake ni kuwa miaka kumi na mbili hukuona picha yangu hata moja yenye uso wa mtu ndani yake. Uliona keki. Uliona viti vya maharusi na vitambaa vya meza. Basi jicho langu ulilipima kwa keki, Fundi? Na neno lile nililibeba nyumbani nikalala nalo na kuamka nalo, na kila nilipoiweka kamera usoni nilikuwa nikijiambia, bonyeza tu, we jicho huna.

Ulipougua nilikuja kila siku baada ya alasiri na uji wa pilipili manga. Siku ishirini na moja. Nimezihesabu baadaye, wakati ule sikujua kama zinahesabika. Ulizungumza habari ya bati linalovuja, ukazungumza habari ya paka wa fundi cherehani wa jirani, ukanieleza kwa urefu namna ya kukaza ule msumari wa mlango. Ulikuwa na pumzi ya kueleza msumari! Siku ya mwisho ulinishika kiganja, nikainama, nikadhani sasa, sasa ataniambia. Ulisema, "Futa vioo, Mwatima. Usiache tongo." Ukafumba macho. Alfajiri yake tukaletewa habari.

Mkeo, Bi Zuwena, alipotoka eda aliniita, akanipa lile kopo. "Marehemu kasema hiki chako." Nililia njia nzima nimelikumbatia kopo la biskuti, watu wa Darajani wananitazama. Nilikuwa nikikupenda siku ile kuliko siku zote. Nililiweka kabatini, na Alkhamisi ilipofika nikalifungua. Kioo kilikuwa kimeingia ukungu wa manjano, mfano wa kioo cha kandili iliyowaka sana. Kilinuka udi, lakini kila kitu chako kilinuka udi. Nikaona haya kwa niaba yako. Nikajisemea, masikini, tangu augue hakuna aliyemfutia. Nikakifuta kwa spiriti, mara tatu, kwa mapenzi, mpaka kitambaa kikatoka rangi ya kahawia na kioo kikatoka cheupe kama maji ya mtungini.

Umeshaelewa nilichofanya. Mimi sikuelewa.

Harusi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa Uroa. Nilijipanga kama ulivyokuwa ukijipanga wewe, taa ndogo nyuma ya kichwa, mama pembeni, bi harusi kageuza shavu kidogo. Nikafunga kioo cha Maskati. Picha zilitoka na kila kitu: poda, jasho juu ya mdomo, alama ya chunusi, uzi uliochomoza kwenye ushungi. Nilizipeleka hivyo hivyo, nikidhani labda ni mimi nisiyeona. Mama wa bi harusi alizipitia zote, kisha akazirudisha kwenye bahasha. "Mwanangu, hizi picha za kitambulisho. Ndo maana Fundi akisema jicho huna." Kumbe neno lako lilifika mpaka Uroa. Neno lako lilikuwa na miguu, mwenyewe umelala.

Kamera ilikaa chini ya kitanda wiki mbili. Sikuigusa. Niliamini kabisa kwamba ulikuwa mkweli, kioo kile kile, taa ile ile, kilichopungua ni mimi.

Ningeendelea kuamini mpaka leo lau si Salha, bintiyo kitinda mimba. Alichumbiwa, tarehe ikawekwa, na akasema harusini kwake hapigwi picha na mtu mwengine ila mimi, na anataka picha moja ya kioo cha baba'ke, hiyo hiyo moja, aiweke chumbani kwake ili na baba awe amekuwepo. Nilikwenda kwa Bi Zuwena kukataa. Nikamwambia kioo kimekufa na mwenyewe, nimekifuta vizuri kabisa na hakifanyi kitu.

Bi Zuwena alinitazama. "Umekifuta?" Halafu akacheka, Fundi, mkeo alicheka mpaka akashika kizingiti, cheko la kwanza tangu tukuzike. "Yule akikifukiza udi, mwanangu! Mie nkifukiza kanzu zake za Ijumaa, naye hukipachika kioo chake juu ya tenga, moshi ukipanda. Kwani hakukwambia?"

Hukuniambia.

Kioo cha Maskati hakikutoka Maskati. Kilikuwa kioo cha kawaida cha kukinga lenzi, kama vile vitatu nilivyonavyo kwenye mkoba. Uzuri wote ule ulikuwa moshi wa udi ulioganda. Ulikuwa uchafu. Miaka kumi na mbili unanipigia kelele juu ya alama ya kidole, na fahari yako yote, jina lako lote, ni kioo kichafu kilichotiwa kufuli! Nilitoka kwa Bi Zuwena sikuaga. Nilitembea mpaka nyumbani nikikutukana kwa sauti, na bibi mmoja alinisogelea akaniuliza, "We mwana, una nini?" Nikamwambia nimefiwa. Haikuwa uongo.

Nikaanza kazi. Uani kwetu Amani, mimi na chetezo na kaa la moto, na mama yangu juu ya mkeka ndiye bi harusi. Mara ya kwanza nilikiacha sana, mama akatoka rangi ya chai ya mkandaa. Mara ya pili jivu liliruka, picha ikajaa madoadoa. Mama akakohoa akasema, "Kioo kina shetani gani hata kifukizwe? Au mpandishe kabisa tumuulize anataka nini." Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikarudia. Siku tisa.

Nakuandikia nilichokipata, maana hukunifundisha na nataka ujue nimekifikia. Kioo kiwe kimepoa, kikiwa na joto moshi unateleza. Udi kidogo, na usubiri kaa lipungue, moshi uwe mwembamba. Uhesabu pumzi kumi, usizidishe. Kisha uviringe kitambaa kwenye ncha ya kidole na ufute katikati tu, duara la sarafu, hapo ndipo uso unapokaa mkavu na pembeni pakayeyuka. Tundu la lenzi uliache wazi kabisa, ukilifunga kila chembe ya moshi inaonekana. Uilenge kamera kabla hujafunga kioo, ukishafunga inababaika haijui ikamate wapi. Taa ndogo nyuma. Nguo nyeupe uipunguzie mwanga kidogo, la sivyo inameza shingo. Na usifunge kioo cha nyota juu yake, viwili pamoja vinagombana. Kile cha nyota kina mambo yake: kinataka giza nyuma na taa chache ndogo, na ukizungushe mpaka mwale usimkate mtu jichoni. Hili la mwisho ulinifundisha, ila ulisema "zungusha mpaka ikupendeze" na ukaniachia mengine niyahangaikie.

Yote haya ni maneno ya dakika tano. Yangeingia kwenye bakuli moja la uji.

Siku ya harusi nilimpiga Salha studio, mbele ya ukuta mtupu, kwa kioo nilichokifukiza mwenyewe. Nilijua imetoka kabla sijaitazama. Jioni tukawa ukumbini. Chumba cha ndani, wanawake wanamvika vikuba vya asumini, hina na piko mpaka kwenye kiwiko, kichwa wazi, nywele zimesukwa. Kamera yangu ilikuwa na kioo cha nyota kwa ajili ya taa za ukumbini. Shangazi yake mmoja akasema, "Leo angekuwepo Mbarouk." Basi. Salha uso ukamvunjika. Wanja ukashuka mpaka kidevuni, na alikuwa akicheka huku huku, anajaribu kuufuta na mkono wenye hina akakumbuka hina, mkono ukabaki hewani. Nikakifungua kioo nikakitia mfukoni. Lenzi tupu. Nilipiga mara tatu. Wanawake wakanikemea, "We Mwatima, usimpige analia!" Nilikuwa nishapiga.

Baada ya fungate nilikwenda na bahasha. Walikusanyika wote sebuleni kwako, wanawake peke yao. Ile ya studio ikapita mkono kwa mkono, na nikawaza, leo. Leo watasema. Bi Zuwena akaishika kwa mikono miwili. "Mkono wa Mbarouk huu. Mtu kafa, kazi yake haifi." Na sebule nzima ikakuombea rehema. Nami nimesimama pale na sahani ya sambusa.

Nilikuchukia, Fundi. Nasema wazi. Siku tisa za moshi, macho mekundu, na sifa ikakufuata wewe kaburini. Niliitikia amina pamoja nao, kwa sauti ndogo.

Salha alikuwa kwenye kona akizipitia zile za ukumbini. Akafika kwenye ile ya machozi akasimama. "Hii nani kapiga?"

"Mimi."

"Hii ndo ntayoweka chumbani. Ile ya kioo mpeni mama." Akaitazama tena. "Baba alikufundisha hivi?"

Nikamwambia la, hakunifundisha mtu. Na hapo nimedanganya kidogo, maana siku moja, mwaka wangu wa pili, uliwahi kusema uso ukitosha, kioo cha nini. Ulikuwa ukila karanga, wala hukunitazama. Nilikumbuka nikiwa nakifungua kile kioo mule chumbani. Lakini sikutaka kukupa na hilo.

Sasa ninalala na swali moja ambalo huwezi kunijibu. "Futa vioo, usiache tongo." Ulisahau kuwa na kile cha kopo kimo ndani ya hesabu? Au ulikusudia nikifute, nibaki mikono mitupu? Au ulitaka nikifute ili nione mwenyewe? Mama anasema nichague la tatu, ndilo la kheri. Sichagui. Ulikuwa na ulimi na siku ishirini na moja.

Ahadi yangu ni hii. Kopo la biskuti nimelitia biskuti. Kila atakayekuja kujifunza kwangu nitamwonesha chetezo siku ya kwanza, kabla hajashika kamera, na nitamwambia hii ilikuwa siri ya Fundi Mbarouk. Jina lako nitalitaja, usiogope. Na nikitaka kusema mtu ana jicho au hana, nitatazama picha zake kwanza.

Picha ya Salha nimejichapishia moja ndogo, kwa ruhusa yake, iko ndani ya saduku lako. Zangu zote hukuwa na ruhusa ya kuziona, na uliheshimu. Hii moja ungeruhusiwa. Ni mwanao. Ungevaa miwani, ungeisogeza kwenye mwanga wa dirisha, na ningesimama pale nisubiri useme. Ningesubiri mpaka useme, Fundi. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Mungu akusamehe. Mimi bado najaribu. Lala salama, na msumari wa mlango nimeukaza.

Leo Alkhamisi. Nimevifuta vioo vyote, na chako pia. Kimetoka cheupe, na safari hii nilijua ninachokifuta.

Mwatima